Bahari Ilipoingia: Kipindi cha Jurasiki na Urithi Wake

Kilima cha Tendaguru kiko bara kidogo kutoka Lindi mjini, kilomita zipatazo 60 kuelekea kaskazini magharibi. Kwa macho hakina la kumshangaza mgeni: vichaka, miti ya miombo, na vijito vinavyokauka kiangazi. Lakini ardhi ya kilima hicho na vitongoji vyake ndiyo iliyotoa mifupa ya Giraffatitan, mnyama ambaye kiunzi chake kimesimamishwa katika Makumbusho ya Elimu Asilia ya Berlin, na kimo chake kinazidi mita 13. Mifupa hiyo ilikutwa katika tabaka zinazopishana na tabaka nyingine zilizojaa makombe ya baharini. Mnyama wa nchi kavu, mkubwa namna ile, kalala katikati ya mchanga wa bahari. Anayetaka kuielewa Jurasiki na aanzie hapo.

Wengi wetu tulikijua kipindi hiki kwa filamu ya Steven Spielberg ya mwaka 1993, Jurassic Park. Tyrannosaurus, mnyama anayetisha kuliko wote humo, hakuwahi kuiona Jurasiki: aliishi zaidi ya miaka milioni 75 baada ya kipindi hicho kwisha. Filamu ilituachia picha ya dinosaria na kuyaficha mambo mawili makubwa zaidi, yaani nchi kavu kupasuka na bahari kuingia. Uchambuzi huu unashika upande huo. Dinosaria wa Lindi, chokaa ya Tanga, mafuta ya Ghuba, na hata kuwapo kwa pwani yetu, vyote ni matokeo ya bahari hiyo.

Kipindi chenyewe na saa yake

Jurasiki ilianza miaka milioni 201 hivi iliyopita na kwisha kiasi cha miaka milioni 145 iliyopita. Ilitanguliwa na Triasiki, ikafuatwa na Kretasia. Jina limetokana na milima ya Jura, mpakani mwa Ufaransa na Uswisi, ambako Alexander von Humboldt aliitambua chokaa yake ya pekee mwaka 1795. Mwaka 1829 Mfaransa Alexandre Brongniart akalitumia jina hilo kwa miamba ya umri huo.

Wakati huo hapakuwa na njia ya kupima umri wa mwamba kwa miaka. Kilichokuwapo ni mpangilio. William Smith, mpimaji ardhi wa Uingereza aliyefanya kazi kwenye machimbo ya makaa na mifereji ya Somerset, aliona kwamba kila tabaka lina visukuku vyake, na kwamba visukuku hivyo hufuatana kwa utaratibu uleule popote tabaka hizo zinapojitokeza. Mwaka 1815 alichapisha ramani ya jiolojia ya Uingereza na Wales iliyojengwa juu ya uoni huo.

Kisukuku kilichoifaa zaidi Jurasiki ni amoniti, jamaa wa pweza na ngisi aliyeishi ndani ya kombe lililojiviringa lenye vyumba vingi. Amoniti walienea haraka baharini, na maumbo yao yalibadilika upesi, hivyo kila aina inaashiria kipande kifupi cha wakati. Ndiyo maana mwanzo rasmi wa Jurasiki, uliokubaliwa mwaka 2010 katika mwamba wa Kuhjoch nchini Austria, umewekwa pale anapotokea kwa mara ya kwanza amoniti aitwaye Psiloceras spelae. Saa hiyo inatufikia hata sisi. Amoniti wa pwani ya Kenya na Tanzania wanafanana na wale wa Kachchh, India, na wa Madagaska, kwa sababu sehemu hizo zote zilizunguka ghuba moja ya bahari.

Barabara ya Mombasa kama ukurasa

Kabla ya Jurasiki, karibu nchi kavu yote ya dunia ilikuwa bara moja, Pangaea. Madagaska na India zilikuwa zimeshikamana na Afrika ya Mashariki. Palipo na mawimbi ya Malindi na Kilwa leo palikuwa katikati ya nchi kavu. Ushahidi wa jinsi hali hiyo ilivyobadilika unaweza kuonekana na yeyote anayesafiri kutoka kisiwa cha Mombasa kwenda bara.

Kisiwani kwenyewe mtu hukanyaga matumbawe ya juzi tu kwa hesabu za jiolojia. Akivuka kufika Changamwe, kisha Miritini, anaingia kwenye mwamba laini unaomeguka vipande vyembamba, wa rangi ya kijivu na hudhurungi. Hilo ni tope la bahari ya Jurasiki lililogandamana, na wanajiolojia wameliita kwa majina ya mahali penyewe: Changamwe, Rabai, Miritini. Ndani yake wamo amoniti. Akiendelea hadi Mazeras, mwamba unageuka kuwa mchanga mgumu wenye chembe kubwa, na ndani yake hupatikana magogo ya miti yaliyogeuka mawe. Huo ni mchanga wa mito, ulioachwa nchi kavu kuanzia Triasiki hadi mapema Jurasiki. Kati ya mchanga wa mito na tope la bahari kuna ukanda wa chokaa ambao hujitokeza wazi upande wa Kambe, kaunti ya Kilifi. Chokaa ya namna hiyo hufanyika katika maji ya bahari yenye kina kifupi, safi na vuguvugu.

Tuyasome sasa kwa mpangilio wa umri, kutoka bara kuja pwani: mchanga wa mito, kisha chokaa ya maji mafupi, kisha tope la maji yenye kina. Bahari inaingia mbele ya macho yetu, hatua kwa hatua, katika mwendo usiofika saa moja kwa gari. Habari iyo hiyo inasomeka Tanga, ambako chokaa ya Jurasiki ya Kati imechongwa na maji hadi yakatokea mapango ya Amboni, kando ya mto Mkulumuzi.

Kusini zaidi, Mandawa katika wilaya ya Kilwa, visima vilivyochimbwa kutafuta mafuta vilikuta tabaka nene za chumvi chini ya ardhi. Chumvi hiyo inatuambia kwamba maji ya kwanza ya bahari yaliingia kwenye bonde la ufa lililokuwa likipanuka, yakazuiliwa humo na kukauka kwa jua, yakaingia tena na kukauka tena. Baadaye mlango ukafunguka moja kwa moja. Kuanzia kiasi cha miaka milioni 165 iliyopita, sakafu mpya ya bahari ilianza kuzaliwa kati ya Afrika na Madagaska, na Madagaska ikasukumwa kusini kando ya pwani yetu hadi ilipo sasa. Njia iliyopita imeacha kovu chini ya maji, tuta refu liitwalo Davie, mbele ya pwani ya Tanzania na Msumbiji. Bahari ya Hindi ya Magharibi ilianzia hapo, na upepo wa kusi na wa kaskazi ulikuja kupata uwanja wake humo.

Kwa nini Tendaguru

Tukirudi Lindi, fumbo la kilima linafumbuka. Miaka milioni 150 hivi iliyopita Tendaguru ilikuwa ukingo wa bahari hiyo changa. Bahari ilisogea mbele, ikarudi nyuma, ikasogea tena, na kila iliporudi iliacha wangwa na vidimbwi vya maji ya chumvi vilivyokingwa na mafungu ya mchanga. Kwa hiyo tabaka zenye dinosaria zimepishana na tabaka za mchanga wenye kome wa jamii ya Trigonia. Bara zaidi palikuwa na misitu ya miti jamaa ya misonobari na mipodo. Mwaka ulikuwa na kiangazi kikali, na wataalamu wengi wanaona kwamba ukame ndio uliowaleta wanyama wengi ukingoni, ambako baadhi walinasa. Miguu mingine ilikutwa imesimama wima ndani ya tope lililogeuka mwamba, kama ilivyozama.

Pasipo bahari kusingekuwa na tope la kuwafukia upesi, na pasipo tope kusingekuwa na mifupa. Kuna maeneo mengi ya Afrika ambako dinosaria bila shaka waliishi, ila hakuna kilichosalia kwa sababu hapakuwa na mahali pa kufukiwa.

Mnyama mwenyewe anastahili kutazamwa kwa karibu. Mfupa wa juu wa mguu wa mbele wa Giraffatitan, kutoka bega hadi kiwiko, una urefu wa zaidi ya mita 2. Mtu mrefu akisimama kando yake hafiki mwisho. Shingo yake ilikuwa na pingili 13, wakati twiga, kama binadamu, ana 7. Ukiitazama pingili moja ubavuni unaona mashimo na vyumba vilivyogawanywa na kuta nyembamba za mfupa. Vyumba hivyo vilijaa hewa, kwa vifuko vilivyotokea kwenye mapafu. Ndiyo siri ya shingo ile: ingekuwa ya mfupa mzito mtupu, hakuna misuli ambayo ingeiinua. Mpango uleule wa mapafu na vifuko vya hewa, unaopenya hadi ndani ya mifupa, unapatikana leo kwa ndege.

Giraffatitan hakuwa peke yake. Palikuwa na Dicraeosaurus, mwenye shingo fupi kuliko jamaa zake. Kentrosaurus, mwenye mabamba mgongoni na miiba mirefu mkiani. Elaphrosaurus, mwembamba mwenye mbio. Na Dysalotosaurus, mla majani mdogo. Palikuwa pia na mamalia wadogo sana, ambao wengi wao wanajulikana kwa meno na vipande vya taya tu. Kundi hili linafanana sana na lile la miamba ya Morrison, magharibi mwa Marekani. Werner Janensch alipomwelezea mnyama mkubwa wa Tendaguru mwaka 1914 alimweka katika jenasi ya Brachiosaurus, iliyokuwa imetajwa na Elmer Riggs mwaka 1903 kwa mifupa ya Colorado. Ilipofika mwaka 2009 ndipo Michael Taylor alipoonyesha kwa kina kwamba wanyama hao wawili wanatofautiana kiasi cha kustahili majina mbali mbali. Kufanana kwao ni kumbukumbu ya Pangaea. Kutofautiana kwao kunaonyesha kwamba bahari ilikuwa imeanza kuwatenga.

Mikono iliyochimba

Habari za Tendaguru zimezoeleka kusimuliwa kuanzia mwaka 1906, pale mhandisi Mjerumani Bernhard Wilhelm Sattler, akitafuta madini, alipoiona mifupa mikubwa imejitokeza juu ya ardhi. Wenyeji, Wamwera na majirani zao, walikuwa wanaishi na mifupa hiyo tangu zamani. Mwaka 1907 alifika Eberhard Fraas kutoka Stuttgart, na kati ya mwaka 1909 na 1913 msafara wa Berlin, chini ya Janensch na Edwin Hennig na baadaye Hans Reck, ulichimba kwa misimu minne.

Hesabu ya miaka hiyo haiwezi kutenganishwa na vita vya Majimaji dhidi ya utawala wa Wajerumani. Vita vilimalizika mwaka 1907, na kusini nzima ilikuwa imeachwa na makaburi na njaa. Katika hali hiyo mamia ya watu, hadi takriban 500 kwa wakati mmoja, waliajiriwa kuchimba. Walifukua mashimo kwa majembe, wakaipaka mifupa plasta na udongo, wakaifungia ndani ya vizimba vya mianzi. Kisha wapagazi waliibeba kwa vichwa na mabega hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa, maelfu ya safari, hadi ikasafirishwa shehena ya zaidi ya tani 200.

Hawakuwa vibarua tu. Boheti bin Amrani alikuwa msimamizi mkuu aliyejua kuusoma ukuta wa shimo na kuutoa mfupa mwororo pasipo kuuvunja, na Waingereza walipokuja kuchimba kati ya mwaka 1924 na 1931 walimtegemea pia. Sayansi ilichelewa kulikiri hilo. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake, na mwaka 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia keranjei, kwa heshima ya Wamwera na ya Mohammadi Keranje, mmoja wa wachimbaji. Karibu miaka 100 ilipita kabla ya majina ya waliochimba kuingia katika orodha ambayo tangu mwanzo ilijaa majina ya wakubwa wa Kijerumani.

Viumbe tuliorithishwa

Katika jumba lile la Berlin kuna kisukuku kingine cha Jurasiki, chenye ukubwa wa kunguru: Archaeopteryx, kutoka chokaa laini ya eneo la Solnhofen, Bavaria. Mabaki ya kwanza ya kiumbe huyo yalitangazwa mwaka 1861, miaka miwili baada ya Charles Darwin kuchapisha kitabu chake kuhusu asili ya spishi. Ana mbawa na manyoya ya ndege, lakini ana meno, makucha mbawani na mkia mrefu wa mifupa. Baadaye miamba ya China ilitoa dinosaria wengi wenye manyoya, wakiwamo wa Jurasiki kama Anchiornis, na leo haibishaniwi tena kwamba ndege ni tawi la dinosaria lililosalia. Kuku, tai na korongo ni sehemu ya ukoo huo.

Upande wetu sisi, mamalia wa Jurasiki waliishi wadogo, wengi wao wakiwa na ukubwa wa panya. Mwaka 1999 kulitangazwa Ambondro, kipande cha taya chenye meno matatu kutoka kaskazini magharibi mwa Madagaska, cha miaka milioni 167 hivi. Meno yake yalikuwa na uwezo wa kukata na kusaga kwa wakati mmoja. Mwaka 2011 China ikatoa Juramaia, wa miaka milioni 160 hivi, anayehesabiwa kuwa karibu na asili ya mamalia wenye kondo la nyuma.

Pwani yetu ina mashahidi hai pia, ingawa tuwe waangalifu tunapowaita visukuku hai. Sikadi aitwaye Encephalartos hildebrandtii huota katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, zikiwamo kaya, yaani misitu mitakatifu, za Wamijikenda. Kundi la sikadi lilitapakaa duniani wakati wa Jurasiki, lakini spishi za leo zimezuka karibuni. Vivyo hivyo silikanti, samaki ambaye kuanzia mwaka 2003 wavuvi wa Tanga walimkamata mara nyingi katika nyavu za jarife: ukoo wake ulikuwapo hata kabla ya Jurasiki, ila yeye mwenyewe ni spishi tofauti na zile za kale. Kinachorithiwa ni ukoo, na kila kizazi huongeza lake.

Urithi mkubwa kuliko wote hauonekani kwa macho. Katika Jurasiki walienea viumbe wadogo mno wa baharini wanaojenga maganda ya chokaa huku wakielea juu ya maji. Kabla yao chokaa nyingi ilifanyika kwenye bahari fupi za kando ya mabara. Kwa kuenea kwao, ilianza kunyesha hadi kwenye vilindi. Tangu hapo bahari imekuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kutuliza kemia yake yenyewe.

Saruji, mafuta na onyo

Chokaa ya Tanga leo huchomwa kuwa saruji. Jasi ya Kilwa, iliyoachwa na maji yale yaliyokauka, huchanganywa katika saruji ili isigande kabla ya fundi kuimaliza kazi. London ina kanisa la Mtakatifu Paulo lililojengwa kwa chokaa ya Portland, nayo ni ya Jurasiki.

Kwa uzito wa kiuchumi hakuna kinachoshindana na mafuta. Katika Bara Arabu bahari ya Jurasiki ilikuwa fupi, ya joto, na pana ajabu. Katika mabonde yake yasiyo na oksijeni masalia ya viumbe yalizama na kuwa tope jeusi lenye kutoa mafuta. Juu yake kukajengeka chokaa yenye vitundu vya kuyashika mafuta hayo, na juu ya chokaa tabaka za chumvichumvi zisizopitisha kitu zikafunika yote. Ghawar, Saudi Arabia, iliyogunduliwa mwaka 1948 na yenye urefu wa kilomita 280 hivi, ni zao la mpangilio huo. Mafuta ya Bahari ya Kaskazini nayo yametoka hasa katika tope la Jurasiki liitwalo Kimmeridge. Meli za mafuta zinazotia nanga Mombasa na Dar es Salaam kutoka Ghuba zinaleta, kwa sehemu kubwa, jua la enzi hiyo.

Na hapa Jurasiki inatuonya. Ilifunguliwa na maangamizi ya mwisho wa Triasiki, yaliyoambatana na lava iliyofunika maeneo makubwa kutoka Morocco hadi Brazili na mashariki mwa Marekani. Miaka milioni 183 iliyopita ikafuata milipuko ya Karoo kusini mwa Afrika; nyanda za juu za Lesotho zimejengwa na lava hiyo. Hewa ukaa ikaongezeka, dunia ikapata joto, bahari nyingi zikakosa oksijeni, na viumbe wengi wa majini wakatoweka. Ulimwengu ulipona, ila baada ya mamia ya maelfu ya miaka. Sisi tunaichoma hazina ya Jurasiki na kurudisha hewani hewa ukaa kwa kasi inayozidi ile ya volkano hizo. Anayeishi pwani, mwenye matumbawe na samaki wa kutegemea, ana sababu ya kuliangalia jambo hili kama lake.

Kilichobaki nyumbani

Mjadala wa kurudishwa kwa mifupa ya Tendaguru umefika hadi Bunge la Tanzania, na ni mjadala halali. Vitu vilivyotolewa chini ya utawala wa mabavu, katika nchi iliyotoka kupigwa, havigeuki kuwa mali safi kwa kukaa muda mrefu katika jumba zuri. Uamuzi juu yake unapaswa kufanywa na Watanzania, wa Lindi wakiwamo, nyaraka zote zikiwa mezani.

Hata hivyo tusikubali wazo kwamba kila kitu kiliondoka. Mifupa ilisafirishwa, tabaka zilibaki. Uchimbaji wa pamoja wa Wajerumani na Watanzania mwaka 2000 ulidhihirisha hilo, kwani kwa kuchunguza upya tabaka hizo na kuchekecha mchanga wake ulipata habari za mazingira na viumbe wadogo ambao wachimbaji wa kwanza, wakiwinda majitu, waliwapita. Habari ya bahari kuingia haipo Berlin. Ipo katika kuta za Amboni, katika mwamba unaomeguka Miritini, katika magogo ya mawe ya Mazeras na katika mchanga wa kome wa Lindi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza iko mikononi mwetu. Miamba hiyo inaliwa na machimbo, ujenzi na upanuzi wa barabara, na pale inapojitokeza vizuri inastahili kupimwa, kupigwa picha na kuwekewa ulinzi wa kisheria kabla haijatoweka. Mwanafunzi wa Lindi anayekariri majina ya milima ya Ulaya anaweza kupelekwa Tendaguru kwa siku moja. Mwanafunzi wa Mombasa hahitaji hata basi la mbali. Vyuo vyetu vina wanajiolojia wengi wa madini na gesi. Wa visukuku ni wachache mno, na hao ndio wa kusomeshwa. Boheti bin Amrani alionyesha zaidi ya karne moja iliyopita kwamba ujuzi wa kuisoma ardhi hii unaweza kuota hapahapa. Anayestahili kuufuata mfano wake ni kijana mwenye nyundo, daftari na mshahara.